Leseni ni Ahadi kwa Umma

Hotuba kwa mkutano wa wanaharakati na waumini wa Thika na Ruiru



Mmetutaka tuzungumze kuhusu mambo matatu: leseni za mazingira ambazo serikali hutoa kwa viwanda, mikopo ya nishati ambayo viwanda hivyo hupata, na msaada ambao wenye viwanda hupewa ili waweze kuitimiza sheria. Huenda wapo miongoni mwetu wanaojiuliza mambo haya yanahusu nini harakati ya mageuzi. Hatukupigania mfumo wa vyama vingi, watasema, ili tuje kupima uchafu wa mto. Twaomba subira yao. Tunakusudia kuonyesha kwamba karatasi inayoitwa leseni ni mojawapo ya mahali ambapo demokrasia hupimwa, na kwamba hapa kwetu, katika miji hii miwili ya viwanda, kipimo hicho kinatuhusu kila siku.

Haki ya kuuliza ilitoka wapi

Mwaka 1989 serikali ya chama kimoja ilikusudia kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Profesa Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kulipinga. Mahakama haikujishughulisha na swali la iwapo bustani ile ni ya umma. Ilimwuliza yeye ni nani hata ashtaki. Ikaamua kwamba hakuwa na haki ya kufika mbele yake, kwa kuwa hakuonyesha dhara lililompata yeye binafsi kuliko mwananchi mwingine yeyote. Kesi ikatupwa.

Hebu tuitafakari mantiki ile. Mto ukichafuliwa, huwachafukia wote. Basi kwa kuwa hakuna anayeumia peke yake, hakuna mwenye haki ya kulalamika! Kadiri dhara lilivyokuwa kubwa na kuwaenea wengi, ndivyo lilivyokosa mtetezi mahakamani. Jumba lile halikuzuiwa na hakimu. Liliachwa baada ya kelele za umma kuwafikia wale waliotarajiwa kuligharimia. Tulikumbuke jambo hilo, maana tutalirudia tutakapofika kwenye mikopo.

Kilichofuata mnakijua. Julai 1990 Bwana Kenneth Matiba na Bwana Charles Rubia waliwekwa kizuizini, na Saba Saba ikawa siku ya machozi na ya ujasiri. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kiliondolewa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipofukuzwa Uhuru Park kwa marungu na moshi wa kutoa machozi, kanisa kuu la All Saints liliwapa hifadhi. Katika muongo huo huo wa mapambano, Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999. Kifungu chake cha 3 kiliufungua mlango uliofungwa mwaka 1989: mwananchi akapewa haki ya kwenda mahakamani kuyatetea mazingira pasipo kulazimika kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amedhurika.

Katiba ya mwaka 2010 ikaitia haki hiyo muhuri. Kifungu cha 42 chasema kila mtu anayo haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 chaitwika serikali wajibu wa kuwashirikisha wananchi katika kuyalinda, na kila mtu wajibu wa kushirikiana nayo. Kifungu cha 70 chamruhusu yeyote kuipeleka haki hiyo mahakamani, na charudia waziwazi kwamba hahitaji kuthibitisha hasara wala jeraha. Ndugu zetu, haki hii haikushuka kama mana. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na waliounda wengine wamekwisha kututangulia mbele ya haki.

Leseni ni nini hasa

Sheria ile ya mwaka 1999 ndiyo iliyoizaa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, ambayo sote twaijua kwa jina la NEMA, nayo ikaanza kazi mwaka 2002. Kiwanda hukutana na NEMA katika milango mitatu, na yafaa kila mmoja wetu aijue.

Mlango wa kwanza ni kabla ya jiwe la msingi. Mwenye mradi mkubwa sharti afanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na mtaalamu aliyesajiliwa. Kanuni za mwaka 2003 zilimwagiza abandike mabango, atangaze katika gazeti na redioni, na afanye mikutano isiyopungua mitatu pamoja na watu watakaoguswa na mradi. Ripoti ikishafikishwa kwa NEMA, hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika magazeti ya kila siku, na umma hupewa muda wa kutoa maoni, kwa kawaida siku 30. Tangazo lenyewe hutaja mahali ambapo ripoti inaweza kusomwa.

Mlango wa pili ni baada ya kiwanda kuanza kazi. Hapo huja ukaguzi wa mazingira, ambao hulinganisha kile kilichoahidiwa katika ripoti na kile kinachotendeka uwanjani.

Mlango wa tatu ni leseni ya kumwaga maji machafu. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka vipimo. Tuchukue kimoja. Uchafu uozao ndani ya maji hula hewa ya oksijeni ambayo samaki na viumbe wengine huivuta. Wataalamu hupima ni kiasi gani cha hewa hiyo huliwa kwa muda wa siku tano. Kwa maji yanayomwagwa mtoni, kanuni zile ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa kila lita. Kwa maji yanayomwagwa katika mabomba ya maji taka ya mji, kikomo kilikuwa 500, kwa kuwa huko yatasafishwa tena kabla ya kufika mtoni. Tarakimu hizi si za kukaririwa, kwani kanuni hurekebishwa, na masharti yaliyomo katika leseni ya kiwanda chenyewe ndiyo ya kusomwa. Lakini tazameni tofauti ya 30 na 500. Kiwanda chenye ruhusa ya kupeleka maji yake katika bomba la mji, kikiyapitisha usiku katika mtaro unaoelekea mtoni, kinaweza kuwa na leseni halali mkononi na dhambi halisi mtoni. Atakayeiona tofauti hiyo ni jirani anayejua leseni inasema nini. Afisa aliyeko afisini hawezi kuiona akiwa mezani pake.

Na hii ndiyo hoja yetu kuu, ndugu zetu. Wengi hudhani leseni ni kama tikiti: ukiilipia, umemalizana na kondakta. La hasha. Leseni ni orodha ya masharti. Ni ahadi ambayo mwenye kiwanda ameitoa, na serikali ikaipokea kwa niaba yetu. Kifungu cha 67 cha sheria ile kinaipa NEMA mamlaka ya kuisimamisha au kuifuta leseni masharti yakivunjwa. Ahadi iliyotolewa kwa niaba yetu haiwezi kuwa siri kwetu. Siri ndiyo iliyokuwa silaha ya chama kimoja: faili lilikuwa la mkubwa, na mwananchi alijulishwa matokeo baada ya tingatinga kufika.

Mito yetu huenda mbali

Tusidhani kwamba jambo hili linaishia kwenye ua wetu. Mto Chania na mto Thika hukutana hapa Thika, karibu na maporomoko ambayo wageni huja kupiga picha. Kutoka hapo maji yale huteremka hadi kwenye bonde la Tana, yakaingia katika bwawa la Masinga lililokamilika mwaka 1981, kisha yakaenda zake Garissa, Garsen, hadi baharini Kipini. Mto Ruiru nao huingia katika Athi, na Athi ukishuka huitwa Galana, kisha Sabaki, ukamwagikia baharini karibu na Malindi. Kwa hiyo kinachotupwa Thika huelekea kwa ndugu zetu Wapokomo na Waorma, na kinachotupwa Ruiru huelekea kwa Wagiriama. Hao hawakuitwa katika mikutano ile mitatu. Sisi tulioitwa twawasemea na wao.

Tena miji yetu imevimba. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 238,858 katika mji wa Ruiru. Ile ya mwaka 2019 ikahesabu 490,120. Katika miaka kumi mji umezidi maradufu. Barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa kati ya mwaka 2009 na 2012, mashamba ya kahawa yaligeuka ploti, na nyumba za kupanga zikasogea hadi kwenye kuta za viwanda ambavyo zamani vilisimama peke yao. Leseni iliyotolewa wakati jirani alikuwa mkahawa haiwezi kusomwa vilevile wakati jirani ni mtoto wa shule ya chekechea.

Haki hudai pia tuseme ukweli usiopendeza. Mchafuzi si mwenye kiwanda kikubwa peke yake. Ruiru ndiko kulikotoka aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11 mwaka 1985, na vyama vyetu vya ushirika vimeiosha kahawa katika mito hii kwa miaka mingi. Maji yaliyoosha kahawa, yenye maganda na utomvu, hula oksijeni ya mto kama maji ya kiwanda kingine chochote. Mwenye nyumba ya kupanga anayefungulia choo chake katika mtaro wakati wa mvua naye yumo. Sheria isiyoweza kusomwa mbele ya wanachama wetu wenyewe haitakuwa na nguvu tutakapoisoma mbele ya tajiri.

Mkono unaowashika wenye viwanda

Sasa tuje kwenye msaada na mikopo. Serikali na wafadhili walitambua zamani kwamba faini peke yake haisafishi mto. Kiwanda kinachopoteza mvuke, umeme na malighafi ndicho pia kinachotoa uchafu mwingi. Basi kukifundisha kubana matumizi ni kukipunguzia gharama na kuupunguzia mto mzigo. Ndiyo sababu mwaka 2000 kiliundwa Kituo cha Kitaifa cha Uzalishaji Safi, chini ya taasisi ya utafiti wa viwanda ya KIRDI, ili kuvishauri viwanda namna ya kupunguza taka tangu mwanzo. Chama cha Wenye Viwanda, KAM, kwa ushirikiano na Wizara ya Kawi, kilifungua kituo cha kusaidia viwanda kukagua na kubana matumizi ya nishati. Kanuni za mwaka 2012 ziliagiza viwanda na majengo yanayotumia zaidi ya uniti 180,000 za umeme kwa mwaka yafanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu, na angalau nusu ya akiba iliyoonekana katika ukaguzi huo itekelezwe.

Kisha ikaja mikopo. Shirika la Maendeleo la Ufaransa, AFD, lilipitisha fedha za masharti nafuu katika benki za hapa nchini, ili wenye viwanda wakope kwa ajili ya nishati safi na mitambo isiyokula umeme mwingi. Pamoja na fedha hizo likawekwa kundi la wataalamu katika KAM, la kumsaidia mkopaji kuandaa mradi wake hadi benki iukubali. Hapa Thika kwenyewe tunao mtambo wa umeme wa megawati 87 unaochoma mafuta mazito. Ulijengwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika, Shirika la Fedha la Kimataifa na wakopeshaji wengine, huku Benki ya Dunia ikitoa dhamana. Na mwaka 2021 Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo wa kuzitaka benki zipime hatari zitokanazo na mabadiliko ya tabianchi.

Hatuyalaumu mambo haya hata kidogo. Ni mema. Lakini hebu tuitazame meza yenyewe. Upande mmoja ameketi mwenye kiwanda. Ana mtaalamu wa tathmini, ambaye yeye mwenyewe ndiye amlipaye. Ana mshauri wa nishati. Ana benki yenye riba nafuu. Ana chama cha kumwombea kwa waziri. Upande wa pili ameketi mama wa Kiandutu au kijana wa Gatong'ora. Ana nini? Ana pua, na kikohozi cha mtoto wake. Mmoja amepewa mwalimu, wa pili ameachiwa mtihani. Kisha twaambiwa wote wawili walishirikishwa!

Dai letu basi si kwamba wenye viwanda wanyimwe msaada. Dai letu ni kwamba msaada uwe wa pande mbili. Fedha za umma, au fedha zinazodhaminiwa kwa jina la umma, zikienda kumsaidia mwenye kiwanda aitimize sheria, basi muhtasari wa ukaguzi na wa masharti yake utolewe kwa lugha inayosomeka, kwa Kiswahili na Kikuyu, na ubandikwe mahali jirani anapoweza kuusoma. Na sehemu ya fedha za ushauri itumiwe kuwaelimisha wanaoishi ukutani mwa kiwanda.

Waliothubutu kuuliza

Mtasema hayo ni ndoto. Tutazameni waliokwisha kujaribu.

Huko Lamu, serikali na wenye mtaji walikusudia kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. NEMA ikatoa leseni. Wakazi wakaenda mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, ambalo liliundwa na sheria ile ile ya mwaka 1999 kusikiliza rufaa za leseni. Tarehe 26 Juni 2019 jopo liliifuta leseni ile. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo kama kanuni zilivyoagiza. Jopo lilisema, kwa maana yake, kwamba mikutano ya kutambulisha mradi kabla ya ripoti kuandikwa haiwezi kuhesabiwa kuwa ndiyo maoni ya watu kuhusu ripoti wasiyoiona. Mwaka uo huo Benki ya Maendeleo ya Afrika ikatangaza kwamba haitaugharimia mradi ule. Mnaona jinsi leseni na mkopo vilivyofungwa kwa kamba moja? Mkopeshaji huogopa leseni inayoyumba. Jambo hili lilikuwa kweli katika Uhuru Park mwaka 1989, na likawa kweli Lamu miaka 30 baadaye. Tofauti ni kwamba safari hii sheria nayo ilikuwa upande wa wananchi.

Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa katikati ya makazi ya watu, na madini ya risasi yakaingia katika damu ya watoto. Kikafungwa mwaka 2014, baada ya akina mama wa kijiji, wakiongozwa na Bi. Phyllis Omido, kuandamana na kuandika barua kwa miaka kadhaa. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaipangua. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Na lawama haikuishia kwa mwenye kiwanda. Taasisi za serikali zilizopaswa kuzuia madhara yale zilibebeshwa sehemu yake. Hapo pana funzo kwa kila afisa anayetia sahihi bila kutembelea uwanja: sahihi yake ina bei.

Na huko Olkaria, familia za Wamaasai zilizohamishwa ili kupisha mtambo wa umeme wa mvuke wa ardhini ziliandika malalamiko mwaka 2014, zikayapeleka moja kwa moja kwa wakopeshaji, yaani Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Wakopeshaji wakakubali usuluhishi ufanyike, na mapatano yakafikiwa. Wengi wetu hatukujua kwamba benki hizi zina afisi za malalamiko ambazo mwanakijiji anaweza kuziandikia barua bila kupitia kwa wakili wala kwa mbunge. Sasa mmejua.

Na ajira je?

Tunalisikia swali hili kila tunapozungumza, na ni swali la haki. Thika iliona viwanda vya nguo vikizima mashine zake miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa na mitumba ikamiminika. Baba aliyerudi nyumbani na barua ya kuachishwa kazi haombi mto safi kwanza, anaomba karo. Hatutaki kufunga viwanda. Anayetuambia tuchague kati ya kazi na maji ametuwekea mezani chaguo la uongo. Mfanyakazi wa kiwanda ndiye wa kwanza kuuvuta moshi wake, na mshahara unaoishia hospitali si mshahara. Zaidi ya hayo, mikopo ile na mafunzo yale yameonyesha kwamba kiwanda kinaweza kupunguza taka na gharama kwa pamoja. Basi mwenye kiwanda akisema hana uwezo wa kusafisha maji yake, tumwulize kwa adabu: umeomba mkopo gani? Umeita mshauri gani? Ripoti yake iko wapi? Kilio cha umaskini hakikubaliki kwa mtu aliyeufunga mlango wa msaada kwa mkono wake mwenyewe.

Kazi iliyo mbele yetu

Tunapendekeza mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila parokia na kila ushirika uteue watu watatu wa kusoma matangazo ya NEMA katika Gazeti Rasmi na katika magazeti. Tangazo likihusu Thika au Ruiru, lisomwe kanisani Jumapili pamoja na matangazo ya ndoa. Siku 30 hupita upesi.

Pili, tuombe nakala. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 vinampa raia haki ya kuomba leseni, masharti yake na ripoti za ukaguzi. Afisi iliyoombwa yapaswa kujibu kabla ya siku 21 kwisha, na jambo likihusu uhai wa mtu, kabla ya saa 48. Ukinyimwa, ipo Tume ya Haki ya Utawala ya kupokea malalamiko yako. Andikeni barua, itieni tarehe, muhifadhi nakala iliyopigwa muhuri. Barua yenye muhuri ni shahidi asiyesahau.

Tatu, tuweke daftari la mto. Rangi ya maji, harufu, samaki waliokufa, saa na siku, na picha. Kelele za siku moja afisa huzipuuza. Daftari la miezi sita hakimu hulisoma.

Nne, tujue mlango upi ni wa shauri lipi. Malalamiko ya kawaida huanzia kwa mkurugenzi wa NEMA katika kaunti, au kwa Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira. Rufaa dhidi ya leseni iliyotolewa huenda kwa Jopo, na sheria imeweka siku 60 tangu uamuzi kufanywa. Dai la haki ya Katiba kuvunjwa huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wapo waliokuwa na haki tele wakashindwa kwa kuwa walibisha mlango usio wao, au walifika siku ya 61.

Tano, tudai viti vyetu. Sheria, kama ilivyorekebishwa mwaka 2015, imeweka Kamati ya Mazingira katika kila kaunti, ambamo wakulima, wafanyabiashara na mashirika ya kijamii wana wawakilishi. Tuulize kaunti yetu ya Kiambu: ni nani anayetuwakilisha humo, walikutana lini, na waliamua nini?

Ndugu zetu waumini, nabii Ezekieli katika sura ya 34 anawakemea kondoo wanono. Kosa lao halikuwa kunywa maji. Kosa lao ni kwamba waliposhiba waliyatibua kwa miguu yao yaliyobaki, na kondoo wanyonge wakalazimika kuyanywa hayo yaliyotibuliwa. Hatujui maelezo mafupi zaidi ya sheria ya mazingira kuliko hayo. Kunywa kunaruhusiwa. Kuwatibulia wenzako hakuruhusiwi, hata kama una karatasi yenye muhuri.

Mageuzi hayakukamilika siku tuliporuhusiwa kuchagua kati ya vyama. Kura hupigwa mara moja kwa miaka mitano. Leseni hutolewa kila siku ya kazi. Serikali ambayo haiwezi kuulizwa kuhusu bomba moja la maji machafu Ruiru haitaulizika kuhusu hazina ya taifa. Tuanze na bomba. Wiki hii, kabla ya Jumapili ijayo, barua ya kwanza ya kuomba nakala ya leseni ifike afisini, imetiwa sahihi na watu wa madhehebu yote yaliyokusanyika hapa.

Mungu awabariki, na Mungu aibariki Kenya.